Izoeeni dharura mchana kabla haijawakuta usiku

Msomaji wangu, nikikuuliza leo dalili za hatari kwa mtoto mwenye homa, huenda ukanitajia zote bila kukosea. Mabango yapo kwenye kuta za kliniki na redio imezisema sana. Swali langu wiki hii ni jingine. Ni saa mbili usiku, mtoto amekakamaa mikononi mwako, mama mkwe anasema aitwe mganga kwanza, mwenzio yuko safarini na simu yake haipatikani. Utatamka neno gani la kwanza?

Wazazi wengi wanaotufikia wakiwa wamechelewa walizijua dalili. Kilichowashinda ni kulisema neno mbele ya mtu mzima wanayemheshimu, usiku, huku wakitetemeka. Neno kama hilo linahitaji mazoezi mapema, na mahali pazuri pa kuyafanyia ni pale unapokutana na wenzako kila siku: kazini, wakati wa mapumziko ya chakula cha mchana.

Mchezo wenyewe

Kule Busi, wilayani Kondoa, nimekuwa nikiuchezesha mchezo huu na watumishi wenzangu. Tukishamaliza ugali wa uwele na mlenda na kunawa mikono, tunabaki mezani dakika 20. Aliye zamu yuko na wagonjwa, sisi wengine tunaigiza. Mmoja ni msimulizi. Wanne wanapewa nafasi zao: mama wa mtoto, bibi yake mtoto, mwenye bodaboda na muuguzi wa zamu. Katikati ya meza tunaweka punje kumi za mahindi, na kila punje ni nusu saa. Pembeni ipo dadu ya ludo.

Msimulizi anaanza: "Mtoto ana mwaka mmoja na nusu. Ana homa tangu jana, leo hajala kitu. Sasa amepata degedege." Kisha anamgeukia mama: "Unasemaje?"

Kanuni kubwa ni moja. Hakuna kusema "mimi ningefanya hivi". Unasema kama unavyosema nyumbani kwako.

"Mama, naomba nimpeleke mtoto hospitali sasa hivi."

"Tulia, mwanangu. Mwenye degedege hachomwi sindano. Tumwite mzee amwangalie kwanza."

Msimulizi anaondoa punje moja. "Nusu saa imepita. Unasemaje?"

Wakishakubaliana kuondoka, mwenye bodaboda anarusha dadu. Ikitoka moja au mbili, korongo limejaa maji au pikipiki imeishiwa mafuta, na punje mbili zinaondoka. Tatu au nne, punje moja. Tano au sita, njia ni nyeupe. Dadu inaamua mambo ya barabara tu. Ugonjwa haturushii dadu, kwa sababu hatutaki mtu atoke mezani akiamini kwamba kupona kwa mtoto ni bahati nasibu. Punje zikiisha kabla ya kufika, hadithi inasimama, kisha tunairudia kuanzia pale tulipopoteza punje ya kwanza.

Asili yake

Michezo ya mezani ambayo kila mchezaji huvaa nafasi ya mtu mwingine inachezwa sehemu nyingi duniani. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mashujaa na mazimwi uitwao Dungeons & Dragons, na hadi leo wapo wafanyakazi wanaocheza michezo ya aina hiyo na wenzao wakati wa chakula cha mchana.

Hapa kwetu jambo hili si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wasanii na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando na Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, wakitumia sanaa za maonyesho kujadili matatizo ya kijiji chao. Walimu wa afya nao wametumia igizo dhima kwa miaka mingi. Sisi tumeongeza dadu na mahindi.

Kidogo kidogo, mara kwa mara

Utaniuliza, dakika 20 zina faida gani? Twende kwa jirani zetu wa Haydom, mkoani Manyara. Mwaka 2009 Tanzania ilianza kuwafundisha watumishi namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, wakifanya mazoezi kwa mdoli. Katika Hospitali ya Haydom ilionekana kwamba baada ya mafunzo ya siku moja, watumishi walimhudumia mdoli vizuri zaidi, lakini kazi yao ndani ya chumba cha kujifungulia haikubadilika sana. Ndipo wakaanza mazoezi mafupi papo hapo kazini: dakika tatu hadi tano kila wiki, na dakika 40 mara moja kwa mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Yale yalikuwa mazoezi ya kitaalamu yenye vifaa vyake. Mchezo wetu umeazima kanuni moja tu kutoka kwao: mikono na kinywa hukumbuka kile kinachorudiwa.

Punje zinapotelea wapi?

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba mama mwenye uzazi wa matatizo hukwamishwa na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Wengi wetu tukisikia habari za vijijini tunalaumu barabara. Na kweli, masika yakikolea makorongo ya Kondoa si ya kufanyiwa mzaha. Lakini mezani kwetu, punje nyingi huondoka kabla pikipiki haijawashwa. Zinaondokea sebuleni, kwenye "tusubiri kidogo", "nani atatoa nauli" na "mpaka baba yake ajue".

Muuguzi wa mchezo naye hasalimiki. Akianza kwa kuuliza kadi ya kliniki kabla ya kumtazama mtoto, punje inaondoka. Mchezo huu unatukumbusha na sisi wa upande wa pili wa meza.

Tumegundua pia kwamba kubishana na bibi hula punje kuliko kumshirikisha. Jaribu sentensi hii: "Mama, nakusikia, na nakuomba twende wote. Tukishapata vipimo tutaongea." Heshima imebaki, na safari imeanza.

Majibu sahihi ya kuwa nayo mezani

Msimulizi lazima awe na majibu ya kweli, la sivyo mtafundishana makosa. Mtoto akiwa na degedege, mlaze ubavu mahali pasipo na vitu vya kumwumiza na umlegezee nguo shingoni. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimnyweshe maji, dawa wala kitu chochote akiwa katika hali hiyo. Tazama saa imeanza lini, kisha anza safari ya kituo cha afya, hata kama degedege limekoma. Homa hiyo inaweza kuwa malaria kali au uti wa mgongo, na huwezi kujua kwa kumgusa kipaji. Kuhusu hofu ya sindano, mwambie bibi kwa upole kwamba dawa ya sindano ndiyo inayookoa wengi wa watoto hao.

Dalili nyingine zisizosubiri asubuhi ni mtoto kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila anachopewa, kulegea au kupoteza fahamu, na kupumua kwa shida.

Mkishauzoea mchezo, badilisheni kisa. Mjamzito anatokwa damu, au kichwa kinamuuma sana na macho yanaona maluweluwe. Hapo mchezaji akumbuke kwamba kwa wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga upo mfumo wa usafiri wa dharura wa M-mama, unaopigiwa simu 115 bila malipo. Namba hiyo iandikwe ukutani nyumbani, isikae kichwani mwa mtu mmoja.

Tahadhari

Mchezo huu hauhitaji daktari. Walimu shuleni, mafundi gereji na akina mama wa sokoni wanaweza kuucheza, mradi wamwombe muuguzi wa kituo cha karibu awapitishie majibu kwanza. Dadu isipokuwepo, andikeni namba moja hadi sita kwenye vikaratasi na mvitie kwenye kikombe.

Msitumie kisa cha mgonjwa mnayemjua, hata kama mmebadilisha jina. Kijijini kila mtu anamtambua mwenzake. Na kumbukeni kwamba mezani anaweza kuwepo mzazi aliyempoteza mtoto. Kwa hiyo wekeni kanuni hii tangu siku ya kwanza: yeyote akiinua mkono, hadithi inakoma, wala haulizwi sababu. Asilazimishwe mtu kucheza. Anayetazama tu naye anajifunza.

Na ikiwa sasa hivi mtoto wako ana dalili mojawapo kati ya nilizozitaja, liweke gazeti chini uende.

Kwa wengine wote, kesho baada ya chakula waombeni wenzenu watatu au wanne dakika 20. Jioni mkirudi nyumbani, jibuni pamoja maswali matatu: pesa ya nauli ya dharura inakaa wapi, namba ya mwenye bodaboda wa kuaminika anayo nani, na mwenzio akiwa mbali, nani ana ruhusa ya kusema "twendeni"? Swali la tatu ndilo litakalowachukua muda mrefu. Msilale kabla ya kulijibu.