Kilichohamia Denver

Tarehe 7 Machi 2012 klabu ya futiboli ya Kimarekani ya Indianapolis Colts ilimwachia kwotabeki wake, Peyton Manning, aende zake. Kama wangembakiza kwa mkataba ule ule, kesho yake wangelazimika kumlipa bonasi ya dola milioni 28. Alikuwa na miaka 35 na shingo iliyokwisha kufanyiwa upasuaji mara kadhaa, na msimu mzima wa 2011 hakucheza hata dakika moja. Kabla ya hapo, tangu mechi yake ya kwanza mwaka 1998, alikuwa ameanza mechi 208 za ligi mfululizo bila kukosa. Bila yeye Colts walishinda mechi 2 wakapoteza 14, na kwa kuburuza mkia wakapata haki ya kuchagua kwanza miongoni mwa chipukizi wa vyuo vikuu, ambako kwotabeki Andrew Luck alikuwa akisubiri. Mhasibu yeyote angefanya walichofanya.

Kilichofuata kinajulikana. Alisaini Denver Broncos mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 96, akavunja rekodi, akafika fainali mbili, akashinda moja. Mashabiki husimulia hadithi hii kana kwamba ni ya mtu aliyerudi kama alivyokuwa. Hakurudi kama alivyokuwa. Mkono wake wa kurushia haukupona sawasawa mpaka anastaafu, na ndiyo maana miaka yake minne ya Denver inafundisha kuliko miaka kumi na minne ya Indianapolis: inatuwezesha kuona ukubwa wake ulikaa wapi.

Kwa msomaji asiyeuzoea mchezo huu wa Wamarekani: kila upande una watu 11, na timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu, inapewa mengine manne, hivyo hivyo mpaka ifike mwisho wa uwanja na kufunga tachidauni, au ikwame. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila jaribio. Anaweza kumkabidhi mkimbiaji au kuurusha kwa mmoja wa wapokeaji wanaokimbia kwenye njia zilizopangwa. Ana sekunde mbili, tatu akibahatika, kabla majitu ya kilo 120 hayajamfikia.

Kazi kubwa ya Manning ilifanyika kabla ya sekunde hizo. Kati ya jaribio moja na jingine kuna saa ya sekunde 40. Kocha humwelekeza kwotabeki kwa redio iliyomo ndani ya kofia, lakini redio hiyo hukatwa zikibaki sekunde 15, na kuanzia hapo mchezaji yuko peke yake. Makwotabeki wengi hutumia muda mwingi wa saa hiyo wakiwa wamekusanyika na wenzao kupeana mpango, kisha wanausogelea mstari na kuutekeleza. Manning aliwahi kufika mstarini mapema, akasimama, akaanza kuwasoma mabeki: nani amesogea nusu hatua, nani anaegemea mguu wa ndani, mlinzi wa mwisho amekaa yadi ngapi nyuma. Kisha akapiga kelele, akaonyesha vidole, akaenda kumgusa mkimbiaji begani, akabadilisha mpango wote. Baadhi ya maneno aliyopaza yalikuwa amri za kweli, mengine yalikuwa kelele tupu za kuwachanganya wapinzani. Mabeki wanaoficha nia yao walijikuta wakilazimika kuificha mpaka sekunde ya mwisho kabisa, na mara nyingi walichelewa kurudi kwenye nafasi zao halisi.

Elimu hiyo hakuzaliwa nayo, hata kama baba yake, Archie, alikuwa kwotabeki wa New Orleans Saints. Mwaka wake wa kwanza katika ligi pasi zake 28 zilinaswa na wapinzani, rekodi mbaya kuliko zote kwa mchezaji mgeni. Aliyekuja kuwa msomaji bingwa wa ulinzi aliupata usomaji huo kwa kuumizwa.

Sasa turudi kwenye mkono. Neva zilizobanwa shingoni zilimpokonya nguvu za misuli ya nyuma ya mkono wa kulia na hisia za ncha za vidole. Mwaka 2011, wamiliki wa klabu walipowafungia wachezaji milango kwa sababu ya mgogoro wa mikataba, hakuruhusiwa kutumia uwanja wa klabu yake, akaenda Colorado kwa rafiki yake Todd Helton, mchezaji wa besiboli wa Colorado Rockies aliyewahi kuwa kwotabeki mwenzake katika Chuo Kikuu cha Tennessee. Walisimama karibu karibu, Manning akarusha, mpira ukaanguka chini kabla ya kumfikia mwenzake. Helton alidhani ni utani. Mtu aliyewahi kuwa mchezaji bora wa ligi mara nne alikuwa hawezi kurusha mpira umbali ambao mvulana wa shule anauweza. Baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Duke kwa David Cutcliffe, kocha wake wa enzi za Tennessee, na huko akajifunza kurusha upya, kuanzia namna miguu inavyosimama.

Nguvu zilirudi, lakini si zote. Mipira yake ya Denver iliyumba hewani, haikuchana upepo kama ile ya zamani. Beki wa Seattle, Richard Sherman, alilisema hilo hadharani, na Manning alipoulizwa hakukataa. Alikubali kwamba anarusha mipira ya kuyumba, akaongeza kwamba imempatia yadi nyingi na tachidauni nyingi.

Jibu hilo lilikuwa la kweli kuliko lilivyosikika. Mpira unaokwenda polepole unampa beki muda wa kuufikia, na dawa ya hilo ni kuurusha mapema. Mpokeaji yuko kwenye mbio, mgongo umemgeukia kwotabeki, beki yuko pembeni yake. Mpira unaondoka kabla mpokeaji hajageuka, ukielekea mahali ambapo hapana mtu. Anapogeuka, mpira upo kifuani. Ili kurusha hivyo lazima ujue mapema beki atafanya nini, na ujue bila shaka mpokeaji wako atageukia wapi na katika hatua ya ngapi. Hilo la pili haliji na akili ya mtu mmoja. Linahitaji watu wengine waliofundishwa kuona kile kile unachokiona wewe.

Ndiyo maana kuhama kulikuwa hatari kwake kuliko kwa kwotabeki mwenye kutegemea mabavu. Indianapolis alikuwa na wenzake waliokwisha kulowa katika lugha yake kwa miaka. Broncos aliowakuta walikuwa timu ya Tim Tebow, kijana shupavu aliyewafikisha kwenye mtoano kwa kukimbia na mpira, na ambaye pasi zake zilikuwa kama bahati nasibu. John Elway, aliyeiongoza timu kama kwotabeki miaka ya nyuma na sasa alikuwa mkuu wake wa masuala ya mchezo, alimuuza Tebow kwa New York Jets na kuruhusu mashambulizi yote yajengwe upya kumzunguka mgeni. Walisajiliwa pia Jacob Tamme na Brandon Stokley, wapokeaji waliowahi kucheza naye Indianapolis. Si nyota, ila walijua ishara zake na wangeweza kuwatafsiria wengine.

Angalia kilichompata Demaryius Thomas. Msimu wa 2011 alidaka pasi za yadi 551. Msimu wa 2012, kwa miguu ile ile na mikono ile ile, alifikisha 1,434. Eric Decker alitoka yadi 612 hadi 1,064. Wapo waliodai kwamba hewa nyepesi ya Denver, mji ulioko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ndiyo iliyoubeba mkono mchovu. Hoja haina mashiko, kwa kuwa nusu ya mechi huchezwa ugenini, na kile hewa ilichompa, baridi ilikichukua. Indianapolis alichezea nyumbani chini ya paa. Denver alicheza wazi, na vidole visivyo na hisia vilimlazimu kuvaa glovu kwenye mkono wa kurushia. Mechi ya mtoano dhidi ya Baltimore Ravens, Januari 2013, ilipigwa katika baridi ya nyuzi kama 10 chini ya sifuri. Broncos waliokuwa wamemaliza ligi kwa ushindi 13 na vipigo 3 walifungwa 38–35 katika muda wa nyongeza, na pasi ya mwisho ya maana ya Manning, aliyoirusha huku akikimbia, ilinaswa. Akili ilikuwa imeona nafasi. Mkono haukuweza kuifikia.

Msimu uliofuata ndio ninaouona kuwa kilele cha maisha yake ya uwanjani, ingawa hauna kombe. Mechi ya ufunguzi, dhidi ya Ravens wale wale, alitoa pasi saba za tachidauni. Alimaliza na tachidauni 55 na yadi 5,477, rekodi zote mbili, na timu ikafunga pointi 606, nyingi kuliko timu yoyote kabla yake. Wachezaji watano walifunga tachidauni kumi au zaidi kila mmoja. Takwimu hii ya mwisho ndiyo inayonishika zaidi. Kwotabeki anayemtegemea kipenzi mmoja hazuiliki mpaka kipenzi huyo akabwe. Huyu alimpa mpira yeyote ambaye ulinzi ulikuwa umemwacha. Akiwa na miaka 37 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi kwa mara ya tano.

Kisha ikaja fainali ya ligi, Super Bowl, ya Februari 2014 dhidi ya Seattle Seahawks. Katika jaribio la kwanza kabisa Manning alikuwa akitembea kuelekea mstarini, kama kawaida yake, kubadilisha maelekezo. Kelele za uwanja zilikuwa kubwa, mchezaji wa kati, anayempa kwotabeki mpira, akadhani ameitwa, mpira ukampita Manning kichwani mpaka eneo lao la mwisho. Sekunde 12 zilikuwa zimepita na Seattle walikuwa na pointi mbili, kwa kuwa mpira wa Denver ulifia huko. Mechi iliisha 43–8. Cha ajabu, Manning alikamilisha pasi 34, nyingi kuliko kwotabeki yeyote katika fainali mpaka wakati ule. Seattle hawakumficha kitu. Walikaa katika ulinzi wao wa siku zote, wakamwachia pasi fupi, na kila aliyedaka aliangushwa papo hapo. Bingwa wa kufichua siri alikutana na watu wasio na siri, na hapo ndipo mkono wenye nguvu ungehitajika kurusha mbali kabla hajafikiwa.

Mwaka 2015 hata kile kilichobaki cha mkono kiliisha. Kocha mpya, Gary Kubiak, alikuja na mfumo wake wa kukimbia kwanza, ambao haukumfaa mtu aliyezoea kusimama nyuma na kutazama. Unyayo ulimuuma. Tarehe 15 Novemba, dhidi ya Kansas City Chiefs, alivunja rekodi ya Brett Favre ya yadi nyingi za pasi katika historia ya ligi, na siku hiyo hiyo akakamilisha pasi 5 kati ya 20, nne zikanaswa, akatolewa. Nafasi yake ikachukuliwa na Brock Osweiler. Alimaliza msimu wa ligi na tachidauni 9 na pasi 17 zilizonaswa.

Aliporudi, Januari 3, timu ikiwa nyuma dhidi ya San Diego Chargers, alirusha pasi 9 tu. Kazi yake ilikuwa ile ya zamani iliyopunguzwa mpaka mfupa: kuwatazama mabeki, kuchagua upande wa kukimbilia, kutoharibu. Walishinda 27–20. Safu ya ulinzi ya Von Miller na DeMarcus Ware ilikuwa bora kuliko zote, na mtu aliyezoea kuibeba timu alikubali kubebwa. Wapo waliosema kombe la msimu ule, lile alilolishinda Denver, si lake. Kwa takwimu wana haki. Lakini wakongwe wengi wakubwa hawakukiweza alichokiweza yeye. Favre, akiwa na Minnesota Vikings na miaka 40, alicheza msimu wa ajabu wa 2009, tachidauni 33, kisha katika nusu fainali dhidi ya New Orleans akajaribu pasi ya kijana, kwa kasi, akivusha uwanja mzima, ikanaswa. Johnny Unitas alipohamia San Diego mwaka 1973 hapakuwa na timu ya kumpunguzia mzigo.

Kwotabeki mwingine aliyehama uzeeni, Tom Brady, alipokwenda Tampa Bay Buccaneers mwaka 2020 alikuwa na miaka 43 na mkono mzima, na bado timu ilisuasua kwa ushindi 7 na vipigo 5. Baada ya hapo hawakupoteza tena; walishinda mechi nane mfululizo, ya mwisho ikiwa fainali dhidi ya Chiefs, 31–9. Brady alihamisha vyote viwili, mwili na akili. Kwa kusoma ukubwa, mfano wa Manning ni mzuri zaidi, kwa sababu kimoja kilibaki njiani.

Fainali ya Februari 2016, dhidi ya Carolina Panthers, Denver walishinda 24–10 wakiwa na yadi 194 tu za mashambulizi, chache kuliko bingwa yeyote wa Super Bowl. Tuzo ya mchezaji bora alipewa Miller. Manning, akiwa na miaka 39, akawa kwotabeki wa kwanza kuanzishwa na kushinda fainali hiyo kwa timu mbili tofauti. Dakika za mwishoni, baada ya tachidauni ya C.J. Anderson, alirusha pasi fupi kwa Bennie Fowler kutafuta pointi mbili za nyongeza, akazipata. Ilikuwa pasi yake ya mwisho. Kwa kanuni za ligi, pasi za namna hiyo haziingizwi katika takwimu za kwotabeki.