Ukuta wa Udongo Unavyosomwa

Mwanaakiolojia akikuta ukuta wa mawe ana afadhali. Jiwe ni jiwe, na kilicholishika ni kitu kingine. Akikuta ukuta wa tofali mbichi, hapo sasa! Tofali ni udongo, kinachoshika tofali na tofali ni udongo, na kilichoufukia ukuta baada ya kuanguka ni udongo vilevile. Huko Mesopotamia, yaani Iraki ya leo, wachimbaji wa karne ya 19 walikuwa wanazipasua kuta za namna hii bila kujua. Ni timu za Wajerumani, kama ile ya Robert Koldewey iliyoanza kazi Babeli mwaka 1899, zilizojizoesha kufuata tofali moja moja mpaka ukuta mzima ukaonekana.

Sisi tunaokaa Nkuhungu tuna bahati moja: ukuta wa hivyo hatuhitaji kusafiri kuuona. Tafuta nyumba ya zamani ya tofali mbichi iliyopigwa na mvua misimu kadhaa, utazame upande usio na lipu. Mistari ya udongo kati ya tofali ama imelika ikaingia ndani, ama imebaki imetokeza huku tofali ndizo zimeliwa. Sababu ni kwamba ni udongo wa aina mbili. Wa tofali ulikandwa, ukashindiliwa kwenye kibao, ukaanikwa juani siku kadhaa. Wa kujengea ulikorogwa mwepesi ukawekwa ukiwa bado mbichi, na mara nyingi ulichotwa palepale kiwanjani, pamoja na majivu, mkaa na vipande vya vyungu vilivyokuwa chini.

Hizo takataka ndizo utamu wenyewe. Ukikuta kizibo cha soda ndani ya mstari ambao haujaguswa tangu ujenzi, ukuta huo umejengwa baada ya soda kufika, hata babu mwenye nyumba aseme nini. Lakini hesabu hiyo inakwenda upande mmoja tu. Kipande cha chungu cha miaka 300 kwenye mstari huo hakiufanyi ukuta uwe wa miaka 300, maana fundi anaweza kuchota udongo wenye vitu vya kale. Kwa hiyo kinachoangaliwa ni kile kipya kuliko vyote. Na kama kimetoka kwenye kiraka, kinatoa tarehe ya kiraka, si ya nyumba.

Kazi yenyewe uwanjani inaanza kwa kukwangua, si kuchimba. Unatumia mwiko mdogo wenye ncha, unasafisha juu ya ukuta taratibu ukitoka mahali unapopaelewa kwenda usipopaelewa. Halafu unanyunyiza maji kidogo sana. Udongo wenye mchanga mwingi hukauka mapema kuliko wa mfinyanzi, kwa hiyo kwa dakika chache mistari inajitokeza kama imechorwa. Picha inapigwa hapo hapo. Jua la asubuhi linalopiga kwa ubavu linasaidia sana. La saa sita mchana linafuta kila kitu.

Kinachofuata ni daftari, na hapa ndipo wengi wanachoka. Mstari wa udongo unapewa namba yake, tofali namba yake. Unene unapimwa sehemu nyingi, ya kulala na ya kusimama mbalimbali, kwa sababu fundi mwenye haraka huacha ya kusimama wazi. Rangi inalinganishwa na kitabu cha rangi cha Munsell, na unaandika kama udongo ulikuwa mkavu au una unyevu, maana rangi hubadilika. Unafikicha kwa vidole kuona kama kuna mchanga, majani au samadi. Alama za vidole vya fundi zikiwepo zinachorwa. Mchoro wa ukuta huwa wa kipimo cha 1:10 au 1:20. Mwisho unakatwa mchemraba mzima wenye tofali na mstari wake, unafungwa vizuri na kuandikwa upande wa juu. Maabara wataugandisha kwa gundi maalumu na kuukata uwe mwembamba wa takriban milimita 0.03, usomwe kwa hadubini.

Kwa nini yote haya kwa tope? Chukua Shanga, kisiwani Pate nchini Kenya, alikochimba Mark Horton miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti ya miti, mmoja juu ya mwingine. Majengo ya mwanzo ya matumbawe, ya karne ya 10, yalishikwa kwa udongo. Chokaa ilikuja baadaye. Angeandika tu "ukuta wa mawe", hatua hiyo ya katikati ingepotea. Songo Mnara, karibu na Kilwa, uchimbaji ulioanza mwaka 2009 umeonyesha kwamba baadhi ya sehemu zilizoonekana tupu zilikuwa na nyumba za fito na udongo. Wakazi wake hawakuwa wenye majumba ya mawe peke yao.

Hilo linatuhusu sana sisi tunaokwenda kufundisha. Kidato cha kwanza akiolojia inafundishwa kama tafsiri ya mistari miwili ya kukariri, na picha kwenye kitabu ni ya magofu ya mawe. Mtoto wa Dodoma anabaki anaamini historia iko pwani, wakati tembe la Wagogo, la miti na udongo hadi paa, limepungua sana tangu Operesheni Dodoma ya 1971, na nyumba za tofali mbichi zilizokuja baadaye nazo zinabomolewa jiji likikua. Zikishasombwa na tipa, hakuna wa kuzisoma.

Maeneo ya kale hayaguswi bila kibali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza. Lakini nyumba inayobomolewa mtaani, mwenyewe akiridhia, haihitaji zaidi ya rula, penseli, chupa ya maji yenye tundu kwenye kifuniko na simu ya kupigia picha. Nendeni asubuhi, kabla mafundi hawajaanza kupakia kifusi.