Karatasi Isiyo Karatasi: Lugha ya Mazingira Katika Vyombo vya Habari

Kabla ya 2017, ukinunua nyama Soko la Burma, hapa Eastlands jijini Nairobi, muuzaji aliifunga kwa gazeti kuukuu kisha akaitia ndani ya "karatasi". Karatasi hiyo, msomaji wangu, ilikuwa ya plastiki.

Ndivyo wengi wetu tulivyouita mfuko ule. Wengine waliuita juala; Watanzania, rambo. Zamani bidhaa zilifungwa kwa karatasi kweli; plastiki ilipoingia, kitu kilibadilika, jina likabaki palepale.

Mnamo Februari 28, 2017, serikali ilitoa ilani ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea na kufungia bidhaa. Utekelezaji ulianza Agosti 28 mwaka huo, adhabu ikiwa faini ya hadi Sh4 milioni au kifungo cha hadi miaka minne. Magazeti, redio na runinga zilitangaza kwa bidii: "mifuko ya plastiki". Kisarufi sina ugomvi na istilahi hiyo. Lakini pale Burma nilimsikia mama mmoja akisema, "Mimi plastiki situmii, mimi hutumia karatasi tu." Sikucheka. Kwake plastiki ni beseni na mtungi wa maji. Sheria iliyoweza kumfunga miaka minne ilimfikia kwa neno lenye maana nyingine kichwani mwake.

Mtangazaji wa redio angeweza kusema, "ile karatasi unayofungiwa sukuma wiki," na mama akaelewa papo hapo. Sisi wa magazeti hatuthubutu. Twaogopa wahariri (na walimu wa Kiswahili, nikiwemo).

Siku hizi tuna "tabianchi". Ni istilahi nzuri kwa sababu hutenganisha hali ya hewa ya leo au kesho na mwenendo wake wa miaka mingi. Ila aghalabu huachwa ikielea, bila mfano. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 uliua zaidi ya mifugo milioni mbili nchini, na habari zake ziliandikwa kana kwamba ni za Marsabit na Wajir pekee. Burma ni soko la nyama, jamani!

Majuzi muuzaji wangu aliniambia, akinipimia kilo, "Mwalimu, tangu ule ukame, ng'ombe wanakuja mifupa tu, na bei ndiyo hiyo." Alikuwa akizungumzia tabianchi. Nilipomtajia neno lenyewe, aliniuliza kama ni jina la wizara.