Shilingi 3,000 za vepu: hesabu niliyomfanyia mpwa wangu

Mwezi Mei 2024, magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipotangaza kupiga marufuku muguka, hapa Wundanyi tulibishana mpaka sauti zikakauka. Kwenye mabishano yale sikusikia mtu hata mmoja akiitaja sigara ya kielektroniki, ile ambayo vijana wanaiita vepu. Leo ukisimama steji ya bodaboda asubuhi ya baridi utaona moshi mweupe unatoka kwenye makoti, na si wote wa sigara. Swali ninaloulizwa mara kwa mara, kwa kuwa nilisomea diploma ya umeme na watu wanadhani mtu wa umeme anajua kila chenye betri, ni hili: nina pesa kidogo, ninunue ipi?

Wa karibuni kuniuliza ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Yeye ni mtu wa bodaboda, ana mke na mtoto wa miaka miwili, na sigara ameanza tangu yuko sekondari. "Mjomba," aliniambia, "nina elfu tatu ya kuanzia, na kila mwezi siwezi kupita elfu moja na mia tano. Nataka kuachana na sigara." Sikumhubiria. Mtu mzima akija na nia ya kuacha, ukimkaripia unampeleka kwa rafiki wa steji amshauri. Nikachukua kalamu.

Kwanza tuliandika anachotumia sasa. Sigara nane kwa siku, mojamoja, shilingi 15 kila moja. Hiyo ni 120 kwa siku, na 3,600 kwa mwezi wa siku 30. Alishtuka kidogo, maana sigara ya mojamoja ina ujanja wake: huoni pesa zikiondoka. Ndiyo maana Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara nje ya pakiti, na pakiti yenyewe isiwe na chini ya sigara 10. Kioski gani hapa kwetu kinafuata hilo, wewe na mimi tunajua.

Sasa vepu. Kifaa chenyewe si cha ajabu. Ndani mna betri ya lithiamu, waya mdogo uliosokotwa unaoitwa koili, na pamba iliyozunguka waya huo. Pamba inanyonya maji yake, ambayo wauzaji wanayaita juisi. Ukivuta, betri inapasha koili moto, juisi inageuka mvuke. Juisi ni mchanganyiko wa glisarini, propilini glaikoli, ladha, na nikotini. Hakuna kinachoungua, na hapo ndipo tofauti yake na sigara ilipo: lami na hewa ya kaboni monoksidi vinatokana na tumbaku kuungua. Kwa hiyo mvutaji anayehama kabisa anapunguza sumu nyingi. Kusema haina madhara ni kitu kingine, na nikotini ni ileile inayomfunga mtu.

Ziko za aina mbili ambazo mwenye elfu tatu anaweza kufikiria. Ya kwanza ni ya kutupa: imekuja na juisi yake, ikiisha unaitupa pamoja na betri. Ya pili ni ya kujaza, yenye kikopo kidogo kinachoitwa podi, unaichaji kwa waya wa simu na unanunua juisi kando. Wundanyi hakuna duka la vitu hivi ninalolijua. Mpwa wangu alikuwa amepata bei Voi: ya kutupa shilingi 1,500, boksi limeandikwa mililita 10 na mivuto 5,000. Ya kujaza shilingi 2,200, na chupa ya juisi ya mililita 30 kwa 1,200, inaletwa na matatu mpaka stendi.

Kwa macho, ya kutupa ndiyo rahisi. Lakini gawanya mililita 10 kwa mivuto 5,000. Mililita moja ni kama matone 20, kwa hiyo humo ndani mna matone 200 tu, na kila tone linatakiwa litoe mivuto 25. Hiyo ni mivuto ya mashine, mifupi kama kunusa. Mtu aliyezoea sigara anavuta kwa nguvu na kwa muda. Namba ya mivuto kwenye boksi ni ya kuuzia. Namba ya kutazama ni mililita, na nyingine ni nguvu ya nikotini: asilimia 2 ni miligramu 20 kwa mililita, asilimia 5 ni miligramu 50. Ulaya na Uingereza zimeweka kikomo cha miligramu 20, na Uingereza imepiga marufuku kabisa uuzaji wa vepu za kutupa tangu tarehe 1 Juni 2025. Huku kwetu asilimia 5 ndiyo kijana anapewa bila kuulizwa.

Sasa njoo kwenye kitu ambacho kilibadilisha mazungumzo yetu, nacho ni ushuru. Sheria ya Fedha ya 2022 iliweka ushuru wa bidhaa wa shilingi 70 kwa kila mililita ya kioevu cha nikotini cha sigara za kielektroniki. Mwishoni mwa Desemba 2024, marekebisho ya sheria za kodi yakaupandisha hadi shilingi 100. Kwa kila mililita, si kwa chupa. Weka kalamu hapo ufikirie. Ile ya kutupa yenye mililita 10 inadaiwa shilingi 1,000 za ushuru peke yake. Muuzaji anaiuza 1,500. Katika 500 iliyobaki atoe bei ya kiwandani, betri, meli, VAT ya asilimia 16, gari la kutoka Mombasa au Nairobi, kodi ya duka na faida yake? Na ile chupa ya mililita 30 ya shilingi 1,200 ndiyo inachekesha zaidi, kwa sababu ushuru wake pekee ni shilingi 3,000. Hata kwa kiwango cha zamani cha 70 ingekuwa 2,100.

Sisemi muuzaji ni mwizi. Huenda naye ameuziwa. Ninachosema ni kwamba chupa ya bei hiyo haiwezi kuwa imepita njia halali, na kitu kilichopita porini hakuna aliyekipima. Hatujui nikotini iliyomo ni ngapi, wala ladha ile imetengenezwa kwa nini. Kwa vitenge na sukari ya magendo hasara ni ya KRA. Kwa kitu unachokivuta mpaka ndani ya mapafu, hasara ni yako. Marekani mwaka 2019 ilitokea mlipuko wa maradhi ya mapafu kwa watu wanaovuta vepu. Mpaka Februari 2020 walikuwa wamelazwa au kufariki zaidi ya watu 2,800, na waliofariki walikuwa 68. Uchunguzi ulionyesha kwa nguvu mafuta ya vitamini E asetati, yaliyochanganywa hasa kwenye juisi za bangi zilizouzwa mitaani. Hazikuwa juisi za nikotini kwa wingi wake, lakini funzo kwa mnunuzi wa chupa isiyo na mwenyewe halihitaji kuelezwa.

Kwa hiyo tulifanya hesabu ya halali. Mtu wa sigara nane, akiwa na kifaa kidogo na juisi ya miligramu 20, tukadirie anatumia mililita 1 kwa siku. Kwa mwezi ni mililita 30, ushuru peke yake 3,000. Hapo hujalipia juisi yenyewe, wala podi mpya kila wiki mbili au zaidi kidogo kwa sababu koili inaungua. Bajeti yake ni 1,500. Sigara yenyewe ushuru wake ni shilingi 4 na senti 10 kwa kila moja, yaani nane kwa siku ni kama shilingi 33. Serikali inamtoza anayehama shilingi 100 kwa siku na anayebaki kwenye sigara shilingi 33! Najua sababu wanayotoa, kwamba wanawazuia watoto wa shule, na watoto wa shule nimewaona nami. Lakini kwa mvutaji wa miaka mingi mwenye mfuko mwepesi, mlango wa halali umefungwa na wa magendo umeachwa wazi.

Kama una uwezo kuliko mpwa wangu na umeshaamua, haya ya umeme nitakueleza maana ndiyo ninayoyajua vizuri. Usilipie nguvu. Betri ya lithiamu ina wastani wa volti 3.7. Koili ya omu 1.0 inakula kama wati 14. Koili ya omu 0.4 inakula kama wati 34. Ile ya wati 34 inatoa wingu kubwa, inamaliza juisi haraka na inamaliza chaji haraka. Mwenye pesa kidogo achague omu kubwa na kifaa kidogo. Wundanyi nayo ina shida yake: juisi yenye glisarini nyingi huwa nzito kwenye baridi, na Juni na Julai huku milimani si Mombasa. Pamba inashindwa kunyonya upesi, koili inapata moto kavu, unavuta ladha ya pamba iliyoungua na podi imekwisha kabla ya siku zake. Chagua mchanganyiko wa nusu kwa nusu, na uitembeze mfuko wa ndani wa koti.

Betri sitaki mzaha. Kuna mafundi wanaotoa seli kwenye laptopu mbovu na kuziuza kwa shilingi 100. Seli hizo zimechoka, na seli ya lithiamu iliyochoka ikipigwa shoti mfukoni na ufunguo wa pikipiki inawaka moto juu ya paja lako. Kifaa chenye betri ya ndani na chaja ya kawaida ya simu kinatosha. Usikichaji usiku mkiwa mmelala.

Na asiyevuta sigara, huyu hana hesabu ya kufanya. Hana anachohama. Mtu wa miaka kumi na sita anayenunua ladha ya embe kwa sababu ya wingu, pesa yake ikinunua kitu, basi inanunua uteja. Seneta Catherine Mumma amewasilisha mswada wa kurekebisha sheria ya tumbaku uliochapishwa 2024, unaotaka bidhaa hizi mpya ziwekwe chini ya udhibiti, ladha zikiwemo. Mimi naunga mkono hilo la ladha na watoto, ila natamani wangemkumbuka pia yule wa steji.

Tulirudi kwenye 3,000 tukaangalia njia nyingine. Shirika la Afya Duniani liliweka bazoka za nikotini na plasta zake kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Si rahisi pia, na duka la dawa la kwanza nililopiga simu hawakuwa nazo. Tofauti ni kwamba zina tarehe ya kuisha: matumizi ya kawaida ni wiki 12, kiasi kikipungua hatua kwa hatua. Bazoka ya miligramu 2 ni ya mtu anayeweza kukaa zaidi ya nusu saa baada ya kuamka bila sigara. Asiyeweza, ya miligramu 4. Haitafunwi kama Big G. Unatafuna mpaka upate ukali, unaiweka kando ya shavu, ukali ukiisha unatafuna tena, na usinywe kahawa wala soda robo saa kabla. Nilimwambia kabla ya kununua chochote apande Wesu amwone daktari, halafu apige 1192, namba ya NACADA isiyolipiwa.

Alikuwa na wasiwasi kwamba hataweza. Nikamkumbusha Ramadhani. Tangu alfajiri mpaka magharibi, zaidi ya saa kumi na tatu, hashiki sigara, na abiria anawabeba vilevile mpaka Mwatate na kurudi. Shida yake inaanza baada ya tende. Siku tatu za kwanza ndizo kali zaidi, kisha kiu inapungua kwa wiki mbili mpaka nne. Akanijibu, "Mjomba, hata futari yenyewe huwa naiwaza sigara." Tukacheka, lakini tukaandika pia saa zile: baada ya futari, baada ya chai ya steji, na jioni akihesabu pesa. Hizo ndizo sigara tatu ngumu, na bazoka zake nyingi zitakwenda hapo. Zile tano nyingine anazivuta kwa mazoea tu, yeye mwenyewe ndiye aliyesema.

Kwa waliokwisha kununua juisi na wana watoto nyumbani: chupa ile ina harufu ya peremende na rangi ya sharubati, na nikotini ikinywewa ni sumu, kwa mtoto mdogo hata kiasi kidogo. Usiiweke kwenye meza, wala kwenye mfuko wa koti lililotundikwa mlangoni. Iweke juu ya kabati, kifuniko kimekazwa. Mtoto akiinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa ukisubiri. Mbebe hospitali saa hiyohiyo na chupa uichukue, daktari asome miligramu ngapi.