Mtoto Asiyeitika Darasani

Katika shule nyingi za Goma mwalimu mmoja husimama mbele ya watoto 50 na zaidi. Huenda kati yao yumo mmoja asiyeitika jina lake, asiyemtazama mtu usoni, anayeziba masikio mvua ipigapo mabati, na anayelia kwa uchungu akihamishwa kwenye benchi alilolizoea. Wengine humwita mkaidi. Wengine hunong'ona kwamba ni mchawi. Yafaa wazazi na walimu waujue ukweli.

Usonji ni nini?

Hali hiyo huenda ikawa usonji. Usonji hauambukizi, wala hautokani na malezi mabaya ya mama. Ni namna ubongo wa mtoto unavyokua, hata akapata shida kuzungumza na wenzake, akashika sana mazoea yake, na kelele ndogo zikamwumiza. Daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika habari za watoto 11 wa namna hii mwaka 1943. Nao hawafanani: mmoja hasemi kabisa, mwingine husoma upesi kuliko wenzake lakini hajui kuomba kalamu.

Sheria imefungua mlango

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima, tena ni bure katika shule za umma. Hata shule ambazo Kanisa linaziongoza kwa mkataba na Serikali wa mwaka 1977 zimo katika hesabu hiyo. Sheria ya Januari 2009 inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Lakini mtoto atafaidi nini akiingia mlango huo na kumkuta mwalimu asiyefundishwa kumpokea?

Mwalimu afundishwe nini?

Kwanza, ajue kutofautisha ukaidi na shida. Fimbo haimfundishi kusema mtoto asiyeweza kusema. Humfundisha kuiogopa shule tu.

Pili, atumie maneno machache. Atoe agizo moja, kisha angoje kwa saburi.

Tatu, achore kazi za siku juu ya kipande cha katoni: kusoma, kuhesabu, kucheza, kurudi nyumbani. Mtoto akiona jambo lijalo, hofu hupungua.

Nne, amweleze mapema kila badiliko. Jambo hili lina uzito kwetu, kwa maana watoto wa Goma wamehamishwa na moto wa Nyiragongo mwaka 2002 na 2021, na tena na vita vya Januari 2025. Mtoto mwenye usonji hupotewa na mambo yote aliyoyazoea kwa siku moja.

Tano, amwulize mama. Yeye ndiye ajuaye kinachomtuliza mwanawe.

Mambo haya hayashikwi kwa semina ya siku moja na cheti ukutani. Mkufunzi hana budi kurudi, aketi darasani, aone, asahihishe. Na mkuu wa shule amwachie mwalimu nafasi ya kujaribu.

Basi, wazazi wapenzi, msimfiche mtoto nyumbani kwa haya. Mpelekeni shuleni, semeni wazi mnayoyajua juu yake, na katika mkutano wa wazazi ulizeni: ni nani kati ya walimu wetu aliyefundishwa kazi hii? Kama hayupo hata mmoja, ombeni apelekwe mmoja kujifunza, naye awafundishe wenzake.