Siyo Mvivu, Huenda Ni Umbo la Jicho!

Hebu twende ufukweni Bagamoyo asubuhi. Wenzako wanahesabu ngalawa zinazorudi na samaki, wewe unaona ukungu mtupu. Darasani nako ubao hausomeki. Mwalimu anakuita mvivu, na wewe umeshaanza kuamini. Subiri kwanza! Huenda tatizo si akili, ni umbo la jicho lako.

Umbo la jicho linapimwaje? Jaribu hivi usiku: mulika tochi kupitia chekeche, kivuli kiangukie ukutani. Mistari imenyooka, siyo? Sasa weka mtungi mbele ya ukuta. Mistari inapinda kufuata tumbo la mtungi. Ukiusogeza mtungi mbali na chekeche, mistari inaingia ukungu. Kumbe mpindo unaeleza umbo, na ukungu unaeleza umbali!

Wataalamu wa macho wana ujanja unaofanana na huo. Mwaka 1880 daktari Mreno, António Plácido, alitengeneza kisahani chenye maduara meusi na meupe, na tundu la kuchungulia katikati. Alitazama maduara hayo yanavyoakisiwa na konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Siku hizi mashine inamulika maduara ya mwanga. Mpimaji anaisogeza mpaka ukungu uishe, kamera inapiga picha, kompyuta inakokotoa umbo. Maduara yakiwa kama yai, mara nyingi miwani inatosha. Yakibanana upande mmoja, huenda konea inachongoka.

Konea kuchongoka mara nyingi huanza ujanani, na kufikicha macho kunaongeza hatari. Yakiwasha, usifikiche! Weka kitambaa safi chenye maji baridi, kisha nenda kliniki. Ukiwahi, konea inaweza kuimarishwa kwa matone ya vitamini B2 na mwanga maalumu ili isiendelee kuchongoka.

Unataka kuanza leo? Toboa kadi kwa pini, ziba jicho moja, tazama ubao kupitia tundu (jua usilitazame kamwe). Herufi zikionekana vizuri zaidi, huenda unahitaji miwani. Zisipobadilika, usikawie, huenda kuna ugonjwa mwingine. Vyovyote vile, kapime. Anzia hospitali iliyo karibu nawe. Dar es Salaam, CCBRT na Muhimbili wana madaktari wa macho.

Na miwani ya rafiki usiazime. Jicho lake silo lako!