Kiambishi ku- mbele ya maumbo mawili ya Kiingereza

Kiswahili huunda kitenzi-jina kwa kiambishi ku-, na umbo hilo moja hutosha kwa kazi ambazo Kiingereza huzigawia maumbo mawili: lile lenye neno "to" na lile lenye kiishio "-ing". Baada ya vitenzi kama "begin", tofauti ya maumbo hayo ni ndogo. Baada ya vingine, maana hubadilika kabisa.

Zichukuliwe sentensi mbili: "She forgot to give the child the medicine" na "She forgot giving the child the medicine". Zote mbili huweza kufasiriwa "Alisahau kumpa mtoto dawa". Lakini katika ya kwanza mtoto hakupata dawa. Katika ya pili alikwisha kuipata, ila aliyempa hakumbuki. Mfasiri asiyepambanua huweza kusababisha mtoto apewe dawa mara mbili.

Tofauti hiyo ina asili yake. Hapo kale "to" lilikuwa kihusishi cha kuelekea, na hata leo umbo lake aghalabu huelekeza fikira kwenye tendo lililo mbele. Umbo la "-ing" hutokana na jina la tendo. Mara nyingi hulitaja tendo kama jambo lililokwisha kuwapo au linaloendelea. Ndiyo maana "He stopped smoking" ni "Aliacha kuvuta sigara", bali "He stopped to smoke" ni "Alisimama ili avute sigara". Vivyo hivyo, "I regret to say" hutangulia habari mbaya: "Nasikitika kusema". "I regret saying" ni majuto: "Najuta kwamba nilisema".

Msomi aliyezoea Kifaransa anayo mizani karibu: "oublier de donner" si "oublier avoir donné". Kiswahili nacho hakikosi njia, kwani sentensi tegemezi hubeba wakati ambao ku- haiuonyeshi: "Alisahau kwamba alikuwa amekwisha kumpa mtoto dawa".

Kanuni hii haienei kote. "Avoid" hudai "-ing" hata pale tendo lisipotokea kamwe. Hata hivyo, kwa "remember", "forget" na "regret", mfasiri ajiulize kwanza: je, tendo lilitangulia kukumbuka, kusahau au kujuta, au lilikuwa bado mbele? Akishapata jibu, ndipo achague kama ku- yatosha.